Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Darasa letu la Jumatano saa mbili usiku

Mheshimiwa Waziri, salaam.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari hapa Dar es Salaam. Siku ya kliniki watu wanapanga foleni tangu alfajiri, na zamu ikifika mtu anaonwa dakika chache tu. Kwa miaka nilikuwa nawaambia akina mama, "Punguza mwili," kisha namwita anayefuata. Mwezi ukifika wanarudi na kilo zilezile, wameinamisha nyuso. Kosa halikuwa lao. Niliwapa amri, njia sikuwapa.

Sasa kila Jumatano saa mbili usiku, watoto wakishakula, tunakutana watu kumi na wawili kwa simu ya video, kufundishana njia ya kupunguza mwili. Mmoja wetu, mama lishe, kwa wiki tatu alielekeza kamera darini. Tulisikia sauti yake na kuiona feni ikizunguka. Wiki ya nne akaiegemeza simu kwenye kopo la chumvi, tukaliona jiko lake na dumu la mafuta la lita tano. Tukamwomba amimine kama siku zote, ila apitishie kwenye kijiko. Vikafika vijiko tisa, kwa mboga ya watu wanne. Akanyamaza. Mwenzake akamwambia, "Dada, mimi huwa kumi." Nadhani darasa lilianza usiku ule hasa. Kliniki nisingeliona dumu lile hata mara moja.

Mheshimiwa, hili si jambo la urembo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulifuata watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliosaidiwa kwa ukaribu walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ya kuugua ikapungua kwa asilimia 58. Kwa mama wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na ushee. Hizo anaziweza, asipoachwa peke yake. Uingereza nao walianza mpango wao wa kuzuia kisukari mwaka 2016 kwa vikundi vya ana kwa ana. Korona ilipofunga kumbi mwaka 2020, wakahamia kwenye simu na video.

Ninachoomba ni saa hii ya Jumatano ihesabiwe kuwa kazi ya kliniki. Leo naifanya nikiwa nimetoka zamu, kwa bando langu. Wawili wameshatuacha kwa sababu ya bando, na mmoja wao ndiye aliyekuwa anafika wa kwanza. Wizara ikizungumza na kampuni za simu, vikundi vya afya vinaweza kupewa bando la bure kwa saa moja tu kwa wiki. Na wenye simu za kitochi tusiwasahau: wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wanaweza kuwakusanya watu watatu wanne sebuleni mbele ya simu moja, na kubeba mizani.

Video isije ikaiondoa kliniki, hilo nalisisitiza. Anayechoma insulini akipunguza chakula ghafla bila dozi kurekebishwa, sukari inaweza kushuka akaanguka. Kila mmoja apimwe na daktari kabla ya kujiunga. Tunahitaji pia mwongozo wa maandishi juu ya siri za wagonjwa, unaofuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwetu sheria ni kwamba hakuna kurekodi, na mume au jirani akipita nyuma, mtu anasema.

Ukipenda kutusikiliza Jumatano moja, nijulishe mapema, nikawaombe ridhaa akina mama wenyewe. Yule wa feni ameshaniambia yeye yuko tayari.

Wako katika utumishi,
Muuguzi, Dar es Salaam