Mchujo si mtihani wa chuo

Mhariri,

Kila tangazo la usaili la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma likitoka, vijana hukimbilia kutafuta majina yao. Maelekezo hawayasomi. Mdogo wangu alikesha wiki nzima na madaftari ya chuo, halafu akafika ukumbini na karatasi ya matokeo ya muda badala ya cheti halisi. Aliishia mlangoni. Na nauli yenyewe ilikuwa ya kukopa!

Mchujo, yaani ule usaili wa kwanza wa kuandika, ni wa kupunguza watu tu. Anayevuka huitwa kwenye mahojiano, na kada kama udereva zina usaili wa vitendo pia. Waliofaulu nafasi zikiwa zimejaa huwekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya akiba, kwa hiyo kukosa barua ya ajira leo si lazima uwe umefeli. Hili la kanzidata mtaani wengi hawalijui, na nadhani ndilo linalozaa yale maneno ya "wenye wajomba".

Na ninyi ambao majina ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne hayafanani, hati ya kubadili jina huandaliwa mapema, si usiku wa kuamkia usaili.

Msomaji wenu,
Morogoro