Somo yangu, jina letu lilikuwa ubaoni

Somo yangu,

Jina sitalitaja, maana nikitaja lako nimetaja na langu. Ndiyo sababu tuliitana somo tangu wiki ya kwanza kwenye kile chumba cha kupanga Magomeni ya hapa Mtwara, wewe wa Liwale, mimi wa Tandahimba, godoro moja, tunalala mzungu wa nne.

Nimerudi chuoni. Sijarudi na cheo. Nasoma uzamili wa elimu Chuo Kikuu Huria, kituo cha hapahapa Mtwara, na utafiti wangu unahusu huduma kwa wanafunzi. Nikaomba kuufanyia chuo chetu cha zamani, wakanipa kiti ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Ndiyo, mlango uleule tuliokuwa tukiupita kwa kuinama kama tunapita mbele ya wakwe.

Ukikaa upande huu wa meza unaona mengine. Huyu kadi ya bima haijatoka, yule mwenye nyumba kapandisha kodi katikati ya muhula, mwingine namba ya akaunti imekosewa tarakimu moja na bumu halijaingia. (Siku hizi posho ya mkopo ni 10,000 kwa siku. Usitamani sana, sahani ya wali samaki nayo haikusimama kuwasubiri.) Kisha orodha inabandikwa ubaoni: "Wafuatao wafike ofisi ya mshauri wa wanafunzi bila kukosa." Sentensi ileile ya enzi zetu. Juzi niliiandika mimi, majina tisa. Wote tisa walikuwa wanaitiwa saini tu, pesa zao zitoke. Wakaja wanne. Watano nikawafuata madarasani, na mmoja aliponiona akatokea mlango wa nyuma.

Nilicheka. Halafu nikakukumbuka, kicheko kikanikauka.

Msimu ule baba yako alipeleka korosho ghalani, malipo ya kwanza yakalipa nusu ya ada yako, nusu ikabaki kungoja malipo ya pili. Aprili 2013 yakaja pungufu, Liwale ikachafuka, nyumba za watu zikachomwa moto. Mama alikupigia jioni. Ulipomaliza kuongea ulilala ukageukia ukutani, wala hukula. Haujapita muda ikawa zamu yetu huku: Mei 22, bajeti ya nishati inasomwa bungeni, bomba la gesi kwenda Dar, lile ambalo watu wa Mtwara walilipinga, limethibitishwa, na Mtwara mjini ni matairi yanayowaka na mabomu ya machozi. Tulijifungia ndani tukitafuna korosho za kwenye mkoba wako, tukishushia maji.

Kulipotulia nilipita chuoni peke yangu. Ubaoni kulikuwa na jina letu. La kwanza lilisomeka, la baba lilikuwa limechanika na karatasi. Mimi nilikuwa nadaiwa, wewe unadaiwa. Nikaona hapa kuna mtu anafukuzwa, sikutaka kujua ni nani. Nikarudi nikakwambia, "Somo, wiki hii tusisogee kule." Ukanisikiliza. Wiki ikaisha, ukapanda basi la Nachingwea alfajiri na kile kibegi cha bluu, ukasema unakwenda kuongea na baba.

Hili sijawahi kukwambia. Siku nne baada ya wewe kuondoka nilikamatwa mlangoni, nikaingizwa ofisini nikitetemeka. Nikapewa karatasi ya kulipa ada kwa awamu, nikasaini, nikatoka. Dakika kumi. Sikukupigia. Nilijiambia simu yako haipatikani. Somo, ilikuwa inapatikana. Niliona aibu kuwa nimekuzuia, na kila siku iliyopita aibu ikaongezeka, mpaka mitihani ikaisha na kitanda nikakizoea peke yangu.

Kumbe kuna hata fomu ya kuahirisha masomo, ukurasa mmoja tu. Ipo kwenye droo ya chini, juu yake kuna barua za onyo, na hapo ndipo utafiti wangu ulipokwama. Anayekuandikia barua ya onyo ndiye anayetakiwa kukubembeleza ukiwa unalia. Mtu mmoja, meza moja. Mtoto wa mwaka wa kwanza atagongaje mlango huo bila kujua leo atamkuta yupi? Mshauri wa sasa ni mama mwema, lakini wema wake haujaandikwa mlangoni. Nimemwomba jambo moja: tangazo liseme mtu anaitiwa nini, na yale ya siri apigiwe simu. Amekubali kwa shingo upande, anasema karatasi zitamwishia.

Nasikia una cherehani sokoni, na mwanao mkubwa yuko darasa la saba. Nimekuulizia, japo hukunituma. Aliyeondoka bila barua anaomba udahili upya, na Huria ungeweza kusoma bila kuihama Liwale. Lakini sikuandiki kwa ajili ya shule. Deni ni langu, nimeona nilikiri hadharani kwa sababu faraghani nimeshindwa miaka yote hii.

Namba yangu ni ileile. Ukipiga, sema kabisa unaniitia nini, nisije nikatokea mlango wa nyuma.

Somo yako