Kwa Salim, kuhusu Jabir na fowadi wa Labasa

Mombasa,
Jumapili usiku

Ndugu yangu Salim,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na salamu za Bi. Mkubwa nimezipokea kwa furaha. Huku sote wazima, ila joto la kaskazi mwaka huu limetushika barabara. Mama anakusalimu na anauliza lini mtavuka mpaka mje mtuone.

Sasa niingie kwenye lile lililonikosesha raha. Umeniandikia kuwa kijana wetu Jabir ametimiza miaka 23, hakuna wakala wa Ulaya aliyewahi kumuulizia, na kwa hiyo umemtaka atundike daluga aje akusaidie dukani. Ukamalizia kwa kusema kwamba mchezaji asiyefika Ulaya hajacheza. Kuhusu duka sina neno, riziki ni riziki. Ila hilo la mwisho, Salim, siwezi kuliacha lipite. Nataka nikusimulie habari za mwanasoka mmoja, Roy Krishna wa Fiji, kisha uamue mwenyewe.

Fiji ni visiwa zaidi ya 300 katikati ya bahari ya Pasifiki, na watu wake wote hawafiki milioni moja. Krishna alizaliwa tarehe 30 Agosti 1987, Labasa, mji wa miwa katika kisiwa cha Vanua Levu. Utazame vizuri mwaka huo. Mwezi wa Mei Sitiveni Rabuka aliongoza jeshi kuipindua serikali, kwa madai kwamba Wafiji wenye asili ya India wamepata nguvu kupita kiasi. Septemba akapindua tena. Mtoto huyu wa jamii hiyohiyo amezaliwa kati ya mapinduzi hayo mawili! Watu wa asili yake walihama kwa maelfu kwenda Australia, Nyuzilandi na Kanada. Yeye akakulia palepale Labasa, na timu yake ya kwanza kubwa ikawa Labasa.

Namna wazee wao walivyofika huko, mimi na wewe hatuhitaji kuelezwa sana. Mwaka 1879 meli iitwayo Leonidas iliwashusha Fiji vibarua wa kwanza kutoka Calcutta, India. Hadi 1916 walikuwa wamefikishwa watu kama 60,000, kila mmoja akifungwa na mkataba wa miaka 5 wa kukata miwa, wengi wao katika mashamba ya kampuni ya sukari ya Australia iitwayo Colonial Sugar Refining. Kiwanda cha Labasa kilianza kusaga mwaka 1894. Miaka miwili baadaye Waingereza, haohao waliokuwa wakiitawala Fiji, walianza kujenga reli kutoka hapa Mombasa, na wao tena wakawaleta vibarua kutoka India kwa mikataba. Mkono ulikuwa mmoja. Ndiyo maana habari za Krishna zinanigusa kuliko za wachezaji wengi wenye majina makubwa: naona majirani zangu wa hapa mtaani ndani yake.

Na mpira wenyewe kule si mchezo wa kwanza. Fiji ni nchi ya raga. Chama cha soka kilipoundwa mwaka 1938 kilikuwa cha Wahindi peke yao, hadi 1961 kilipofungua milango kwa watu wote. Kwa hiyo kijana wa Labasa anayeota kuishi kwa kandanda anaota kitu ambacho nchi yake haikuwa na njia ya kumpa.

Mwaka 2008, akiwa na miaka 20, alivuka bahari kwenda Auckland, Nyuzilandi, kuichezea klabu ya Waitakere United. Usidhani alikwenda kuogelea katika pesa. Ligi ile haikuwa ya kulipwa kama tunavyoielewa, na wachezaji wengi walikuwa na kazi zao nyingine. Novemba ya mwaka uleule Fiji iliikaribisha Nyuzilandi mjini Lautoka katika mchezo wa kufuzu Kombe la Dunia. Fiji 2, Nyuzilandi 0, na mabao yote mawili ni ya Krishna. Kweli wageni walikuwa wameshaongoza kundi na mchezo haukubadilisha kitu kwao. Lakini ni nchi hiyohiyo iliyokwenda Afrika Kusini mwaka 2010 na kutoka bila kufungwa, ikiwemo sare na Italia waliokuwa mabingwa wa dunia.

Baada ya mchezo ule mtu angetarajia simu zilie mfululizo. Krishna aliendelea kucheza ligi ileile, mwaka hadi mwaka, hadi mwisho wa 2013. Hapo Salim naomba usiharakishe kusoma. Kuanzia miaka 20 hadi 26, umri wote ambao wewe unasema ndio wa kuuzwa au kuacha, alikuwa katika ligi ambayo hakuna mtu hapa Mombasa wala huko Tanga aliyewahi kuitazama. Jabir leo yuko katikati kabisa ya umri huo.

Desemba 2013 alikuwa na Auckland City kwenye Kombe la Dunia la Vilabu huko Moroko. Mchezo wa kwanza, mjini Agadir, ulikuwa dhidi ya wenyeji Raja Casablanca. Raja wakatangulia, Krishna akasawazisha kipindi cha pili, na kwa muda mrefu uwanja mzima ulikuwa na wasiwasi, mpaka Raja walipopata bao la ushindi katika dakika za nyongeza. Nakumbuka sisi tulishangilia Raja walipofika fainali na Bayern, klabu ya pili ya Afrika kufika hapo baada ya Mazembe yetu ya Lubumbashi mwaka 2010. Safari ile nusura ikwame mwanzoni kabisa kwa sababu ya kijana wa Labasa.

Mwezi uliofuata Wellington Phoenix walimsajili, na sasa akawa katika ligi ya kulipwa ya Australia. Alikaa nao hadi 2019, akawa mfungaji bora katika historia ya klabu. Msimu wake mzuri kuliko yote aliucheza akiwa na miaka 31: mabao 18, kiatu cha dhahabu, na medali ya Johnny Warren anayopewa mchezaji bora wa ligi.

Katikati ya miaka hiyo ikaja Olimpiki ya Rio, 2016, mara ya kwanza kwa soka ya Fiji kufika huko. Kikosi kilikuwa cha vijana wa chini ya miaka 23, na yeye alikuwa mmoja wa wakubwa watatu wanaoruhusiwa. Korea Kusini iliwapiga 8. Ujerumani 10. Kati ya vipigo hivyo walikutana na Meksiko, waliokuwa wakishikilia dhahabu ya London, na Krishna akafunga mapema, bao la kwanza la Fiji katika Olimpiki. Walikwenda mapumziko wakiongoza 1–0. Kipindi cha pili wakafungwa 5, na haibadilishi kitu machoni pangu. Siku moja baada ya kile kipigo cha Wajerumani, timu ya raga ya Fiji ya wachezaji saba iliifunga Uingereza 43–7 na kuipatia nchi medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Nchi ikacheza ngoma kwa ajili ya raga, na ilistahili. Mimi namfikiria yule fowadi, aliyefanya jambo ambalo hakuna Mfiji mwingine amelifanya, katika juma ambalo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulitazama.

Halafu, Salim, soma hili. Mwaka 2019 alikwenda kucheza India, na mji aliokwenda ni Kolkata. Calcutta ileile! Miaka 140 baada ya Leonidas kung'oa nanga, mjukuu wa wakata miwa amefika kwa ndege, amesainiwa na klabu ya ATK, na watu wanajipanga kumtazama. Msimu wa kwanza alifunga mabao 15, sawa na Bartholomew Ogbeche wa Nigeria, na ATK wakatwaa ubingwa mwezi Machi 2020, uwanja ukiwa mtupu kwa sababu ya korona. Msimu uliofuata klabu iliungana na Mohun Bagan, klabu iliyoanzishwa 1889, akaongeza mabao 14 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi. Baadaye, palepale India, akahamia klabu ya Bengaluru, wakachukua Kombe la Durand mwaka 2022, kisha klabu ya Odisha. Akiwa na miaka 36 bado alikuwa anatikisa nyavu.

Ulaya haimo katika habari hizi. Na niambie, utasema huyu hajacheza? Mimi naona amecheza kuliko wengi waliokwenda Ubelgiji wakakaa benchi miaka miwili, wakarudi na koti la baridi.

Siahidi kwamba Jabir atafika alikofika Krishna. Nimemwona akicheza, nawe umemwona: mguu wa kushoto anao, mbio anazo, pumzi ya dakika za mwisho bado. Hiyo hujengwa. Kinachoniuma ni kumfungia mlango kwa kipimo cha miaka 23.

Kuna timu hapa ya daraja la chini inatafuta winga wa kushoto. Kocha wao ninafahamiana naye, mtu mtulivu, hawatukani vijana. Majaribio ni baada ya Idi. Malazi yapo kwangu, chakula anacho mama, nauli tugawane mimi na wewe. Dukani umuombe Hamisi akushikilie kwa muda huo. Wewe mwenyewe uliniambia hana kazi.

Nipe jibu kabla ya mwezi kuisha, kocha asije akafunga orodha yake. Na Jabir mwenyewe umwambie anipigie, nataka kumsikia kwa sauti yake.

Wasalaam,
wako Mwinyi