Usiviuze viatu vya Idris

Shoga yangu Zuhura, asalaam aleikum. Natumai mko wazima wewe na babake Idris na yule mdogo. Sisi huku Lamu alhamdulillah, Mama akusalimu sana, mvua imeanza toka juzi na darini pavuja pale pale panapovuja kila mwaka, hayo ntakwambia siku nyingine. Ile voisi yako niliipata usiku wa Jumamosi, netiweki ilikua mbovu ikafunguka saa saba niko kitandani, nikaisikiza mara tatu. Nilitaka kukujibu kwa sauti nikaona ntalia na mimi, ndo nakuandikia. Ni ndefu, kaa kitako.

Naanza na lile la mwisho ulosema, kwamba viatu vyake vya barafu na begi zima la hoki utalipiga picha ulitie mtandaoni liuzwe kabla Idris hajabadilisha nia. Zuhura, usiuze. Usiuze hata ile fimbo ya zamani ilokatika kichwa mpaka umalize kusoma hii barua.

Maana kilichonikaa kooni ni pale uliposema hakulia. Listi ya timu teule ya hoki huko kwenu Kanada imetoka, watoto 17 wamechukuliwa, jina lake halipo, yeye akasema tu "sawa mama" akakaa garini na lile begi mapajani njia nzima, asilitie kwenye buti, na ulivyosema lanuka jasho la mwaka mzima. Mtu asiyemjua angesema mtoto kakubali. Mimi nilikaa naye hapa ulipokua wahangaika na makaratasi ya safari, namjua. Idris akinyamaza hivo ndo kaumia. Na mtoto akiumia hivo ukimuuliza wataka kuacha, atakwambia ndio, kwa sababu kuacha ndo kitu kimoja alichobakiwa nacho cha kuamua mwenyewe.

Sasa nisikize. Toka uliponieleza mambo ya hoki mara ya kwanza mimi nimeyafuatilia kuliko unavyodhani, kwa sababu na mimi nina daftari langu la watoto wa mpira huku na nimeona maneno ni yale yale, barafu na mchanga ndo tofauti. Ulinambia mtoto aingizwa kundi kwa mwaka wa kuzaliwa, U7 yaani wa chini ya miaka saba, U9, U11, U13, U15 mpaka U18, na kwamba zamani makundi yalikua na majina, atomu, piwii, bantamu, mpaka 2020 wakayafuta wakatia namba. Na mwaka wahesabiwa tarehe 1 Januari mpaka 31 Desemba. Haya. Idris kazaliwa lini? Tarehe 28 Desemba! Angengoja siku nne tu tumboni mwako saa hii angekua ndo mkubwa wa walozaliwa mwaka unaofuata, badala yake ndo kitinda mimba wa mwaka wake. Siku ile ya mchujo yeye ana miaka 11 na miezi mitatu na kidogo, na wa Januari wenzake wameshatimiza 12, na wewe mwenyewe ulinambia kuna mmoja sauti imeshaanza kuvunjika. Hapo kocha ana saa ngapi za kuwatazama, mbili? tatu? Ataona nani? Ataona mwenye miguu mirefu.

Na haya si maneno ya kukupoza. Kuna mwanasaikolojia wa huko huko Kanada, Roger Barnsley, miaka ya 1980 alikua kwenye mechi ya vijana mji wa Lethbridge na mkewe, Paula, na Paula ndo alokua asoma ile karatasi ya majina ya wachezaji na tarehe zao za kuzaliwa akamwambia mumewe hebu tazama hizi tarehe, Januari, Februari, Machi, tena Januari. Mume akaenda kuhesabu ligi nyengine, mpaka za wakubwa, 1985 wakachapisha, ikawa ni kweli, walozaliwa miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka ni wengi mno na wa miezi mitatu ya mwisho ni wachache. (Mwanamke kakaa tu kwenye benchi la baridi na karatasi mkononi, kaona jambo ambalo makocha wote hawajaliona. Mimi hapo nilifurahi sana.) Na sababu yake ni nyepesi. Mtoto alozaliwa mapema aonekana mkubwa, achaguliwa, akishachaguliwa apewa saa nyingi zaidi za barafu na kocha mzuri zaidi na mechi nyingi zaidi, mwaka wa pili kweli yuwaweza kuliko mwenzake, na kila mtu asema si mwaona, ana kipaji. Yule wa Desemba naye aliachwa tangu mwanzo, asubuhi za mazoezi hakuwepo.

Kwa hivyo ile listi, Zuhura, imesoma mwezi wa kuzaliwa. Idris mwenyewe haijamsoma bado.

Lakini nisikuongope, najua kwanini limeniuma hivi. Unamkumbuka Shee, mjukuu wa Bi Mwanamkuu, yule mwembamba? Mwaka juzi kakangu Yahya alichagua timu ya watoto ya kwenda Malindi, mimi nikaandika majina kwenye daftari, kumi na wanne, na Shee hakuwemo. Hatukumwambia neno. Alikaa juu ya ile mashua ilopinduliwa pembeni mwa kiwanja, kavifunga viatu kwa kamba kavivaa shingoni, atazama mazoezi mpaka adhana ya magharibi. Siku ya pili akaja tena akakaa pale pale. Ya tatu hakuja. Saa hii abeba mizigo kule jeti ya Mokowe na anitazama kwa adabu sana, aniamkia shikamoo bibi, na mimi kila nikipanda boti moyo wanienda mbio. Nilikua na kalamu mkononi. Ningemtia akawa wa kumi na tano kungepungua nini? Boti ilikua na nafasi.

Na kule kwenu nafasi ipo, hilo ndo nataka ulishike. Alichonyimwa Idris ni timu teule tu, ile ya kusafiri. Ile ligi ya mtaa haina mchujo wa kumuacha mtu nje, ulinieleza mwenyewe alipokua mdogo, ajiandikisha kila mtoto, wawatazama wakiteleza mara mbili tatu, kisha wawagawa ili timu zilingane, asirundikane wakali upande mmoja. Nakumbuka ile video alipokua U7, wacheza nusu ya uwanja, kengele yalia wote watoka wengine waingia, hodari na goigoi wote dakika sawa. Nilimuonyesha Ami Badi akasema hiyo barafu yote ingeletwa hapa mtaani Langoni tukatilia ukwaju! Lakini hata yeye alisema huo mpango wa kengele ni wa haki.

Tena kuna jambo jengine ambalo wewe kama mama nadhani hujalipigia hesabu, kwa ule uchungu. U13 kule hawaruhusiwi kugongana kwa mwili, wameipiga marufuku Kanada nzima toka msimu wa 2013. Ni ukishapanda kwenda U15, kwenye zile ngazi za juu, ndo kugongana kunaanza. Idris na ule mwili wake wa babake, mwaka mmoja miwili ya ligi ya mtaa ambako hakuna kugongana kabisa, acheze, aguse ule mpira bapa mara nyingi, apate raha, arefuke. Watoto wa Desemba hurefuka pia, wachelewa tu.

Na pesa, samahani naingia mambo ya nyumbani kwako, lakini ulitaja mwenyewe kwamba timu teule ingewabidi mkope. Saa ya barafu yalipiwa, refa alipiwa, kocha wa timu teule mara nyengine alipiwa, hoteli za mashindano, petroli. Ligi ya mtaa yaendeshwa na wazazi wa kujitolea, si wewe mwenyewe ulikua ukishika saa ya mechi na babake Idris afungua kile kimlango cha wanaopewa adhabu? Mlikua mwafurahi! Mlikua mwanitumia picha za kahawa kila Jumapili!

Kuhusu kocha, najua wataka kumuendea. Ile kanuni yenu ya kungoja saa 24 kabla ya mzazi kumsemesha kocha naipenda sana, ningeipata mimi kwa wazazi wa huku ningepumzika. Saa 24 zako zishapita, lakini nenda na maswali, usende na hasira. Muulize Idris apungukiwa na nini, kuteleza kinyumenyume, kupiga, nini. Muulize kama yawezekana aandikwe mchezaji wa akiba, si ulinambia timu ikipungukiwa wamuita mtoto kutoka timu ya chini? Hayo mawili tu kisha uondoke.

Na kama aona hakuna mtu kama yeye kwenye huo mchezo, mwambie kuna Nazem Kadri, Muislamu, familia yao asili Lebanoni, kazaliwa jimbo lenu hilo hilo la Ontario tarehe 6 Oktoba, mwisho mwisho wa mwaka vilevile. 2022 alichukua Kombe la Stanley, lile la ligi kuu ya hoki, na timu ya Colorado, na kila mchezaji akishinda apewa siku yake ya kukaa na kombe, yeye akalipeleka msikitini kwao London, ile London ya Ontario. Kombe la hoki msikitini, Zuhura! Mwambie pia wale vijana wetu wa Nairobi, Ice Lions, walojifunza kwenye kile kiwanja cha barafu hotelini Panari, kidogo mno mbele ya kiwanja kamili cha mita 61 kwa 26, miaka wakicheza wao kwa wao kwa sababu hakuna timu nyengine nchini, 2018 walikwenda Kanada wakacheza pamoja na nyota wa ligi kuu, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Nikaangalia tarehe zao, sikujizuia. Crosby 7 Agosti, MacKinnon 1 Septemba. Hakuna hata mmoja wa Januari. Na 2024 Kenya ikaingia kwenye shirikisho la dunia la hoki. Idris akija likizo tumpeleke Panari kwanza kabla ya kupanda ndege ya Lamu, awaone.

Mimi na Yahya tumekubaliana, mvua ikikatika twaanza upya. Kila mtoto na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, maana mara ya mwisho tuliletewa mtu wa sekondari ati ni gredi ya tano akamvunja mtoto mkono, na babake akaapa kwa Mola. Na kundi twaligawa mara mbili, Januari mpaka Juni kando, Julai mpaka Desemba kando, angalau kwa wale wadogo. Yahya asema watoto hawatatosha. Mimi nasema tuhesabu kwanza. Na hakuna kuachwa, atakayekuja aandikwa. Shee nitamuendea mwenyewe Mokowe, sijui nimwambieje lakini ntakwenda.

Haya nijibu. Usajili wa ligi ya mtaa wafungwa lini, na nafasi hazijajaa? Waweza kunipatia ile karatasi wanayotumia kugawa timu, wanapima vipi, kwa alama au kwa macho? Zile dakika sawa nani asimamia, refa au mzazi? Kocha umeshamuona au bado? Babake Idris asemaje, mbona kwenye voisi yote hukumtaja? Idris ala vizuri? Alala? Yule rafiki yake wa Kisomali alichaguliwa, na kama alichaguliwa bado waongea? Begi umeliweka wapi?

Ijumaa baada ya swala mpe simu Idris, usimwambie nimekuandikia. Nataka anieleze ile ya kugeuka ghafla kwenye barafu bila kuanguka, aliniahidi mwezi wa pili na hajanieleza.

Mama akwambia umtumie picha ya yule mdogo.

Wako,
Mwanaidi