Mdogo wangu, geti usilifunge Krismasi hii

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua umeshaniamkia kabla hujafika mstari wa pili, ndivyo tulivyolelewa.

Ujumbe wako kwenye kundi la familia niliuona. Kwamba mwaka huu Krismasi mtaila hapohapo Mtwara, nyinyi wanne tu, geti limefungwa, "tupumzike na watu kidogo." Sikukujibu kule maana shangazi angeanza kutuma sauti, na zake unazijua, haziishi chini ya dakika nne.

Kuchoka una haki. Mwaka jana ulilaza watu 17 kwa choo kimoja, na yule mtoto wa mjomba akaondoka na chaja yako. Kwa chaja simtetei.

Ila nakumbuka jamvi la bibi pale Masasi. Usiku wa tarehe 24 tukitoka kanisani analitandika chumba cha mbele, halafu anatupanga kwa mguu wake, "sogea, sogea," kama mtu anayeanika mihogo. Mwaka mmoja ulinuna kwa sababu nafasi yako ya ukutani alipewa kibarua wa korosho wa shamba la jirani. Malipo yalikuwa hayajatoka, nauli hana. Asubuhi uliamka kisigino chake kiko karibu na pua yako, ukaenda kushitaki. Bibi akakuuliza kama kisigino kimekula fungu lako la wali.

Na mbuzi je? Babu alikuwa hamgusi mpaka mzee wa nyumba ya pili, Mwislamu, aje na kisu chake. Nilimuuliza kwa nini tusichinje wenyewe, mbona kisu tunacho. Akasema, "Tukichinja wenyewe, tutakula wenyewe." Idi ikifika, sahani yetu ya bati inarudi na pilau, ileile iliyobanduka rangi ukingoni.

Kanisa letu lenyewe unajua lilivyofika pale. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar, akapitia Lindi, na watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa wanaelekea Ziwa Nyasa, wakaishia Masasi, wakajenga. Fikiria, kwetu kusini, ambako mtu anaulizwa kwanza mjomba wake nani, watu wale walianza maisha bila mjomba hata mmoja wa kumtaja.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Mwaka wangu wa kwanza kazini Newala, Krismasi nilikula mayai mawili ya kuchemsha na mkate uliolala. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka dirishani. Ukutani upande wa pili nasikia sufuria, watoto, redio. Nilipiga pasi shati, nikavaa, nikakaa kitandani na viatu nikisubiri hodi. Saa kumi nikavua. Baadaye nilipozoeana na majirani niligundua kila nyumba ilidhani nimealikwa nyumba nyingine. Watu wema kabisa wale, mpaka leo tunasalimiana.

Ndiyo maana nakuuliza habari za yule mwalimu aliyepanga chumba chako cha uani. Mtu wa Kagera, kaja mwaka huu. Unadhani atakwenda wapi? Kwao ni kuvuka nchi nzima, na mshahara wa kuanzia unaujua. Usimwambie "karibu" ya mdomoni ukiwa unapita na ndoo. Mwambie saa. Mwambie aje na kiti chake kama vyako havitoshi, mtu akibeba kiti anajiona mwenyeji.

Na dada anayekusaidia kazi. Kama humpi ruhusa aende kwao Newala, basi siku hiyo asile jikoni kwa kusimama akisubiri mtoto aitishe maji. Akae. Maji shemeji atayachota, ana mikono.

Watu 17 sikudai tena. Wengine nitawabakiza huku Masasi, nimeshaongea na shangazi, kalia kidogo akakubali. Mimi nakuja tarehe 23 na basi la asubuhi, nina mbuzi mmoja, korosho za kukaanga na jamvi la bibi. Limechanika pembe moja lakini linalala watu sita. Wewe mtafutie mbuzi mtu wa kumchinja, yule baba wa duka la mbele atafaa, na umwambie aje na wanawe.

Chaja nakuja nayo yangu.

Kaka yako