Risala ya Walimu wa Ushauri na Unasihi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya ya Akili Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya. Mganga Mkuu wa Wilaya. Afisa Elimu Sekondari. Afisa Ustawi wa Jamii. Viongozi wa dini. Wazazi, walezi na wanafunzi: itifaki imezingatiwa.

Sisi walimu wa ushauri na unasihi wa shule za sekondari za hapa Dodoma tunakushukuru kwa kuja kuadhimisha nasi siku hii ya 10 Oktoba. Mafanikio yetu yamebandikwa ukutani, utayasoma ukipita. Risala hii ina jambo moja tu: rufaa, yaani kumtuma mtoto kliniki ya afya ya akili, na kwa nini familia yake iende naye.

Mheshimiwa, barua ya rufaa tunayoandika ina nafasi ya jina moja. Tunaandika jina la mtoto. Anakwenda kliniki, anarudi na vidonge au nasaha, na jioni anaingia katika nyumba ileile yenye ugomvi uleule. Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 18, na theluthi moja kabla ya miaka 14. Kwetu huo ni umri wa kuripoti kidato cha kwanza, mtoto ambaye bado anaishi chini ya paa la watu wengine.

Tuliwahi kuwa na binti aliyeacha kula na akawa analala darasani. Nyumbani walisema ni jeuri. Muuguzi wa afya ya akili alipoomba aje na anaoishi nao, walikuja mama, bibi na shangazi. Ilibainika kuwa tangu baba aondoke hakuna aliyewahi kumweleza mtoto sababu; kila mmoja alidhani mwenzake ameshasema. Binti alikuwa ameshajihukumu kuwa ndiye chanzo. Hakupona siku hiyo, lakini mazungumzo yalianza, na shangazi, ambaye sisi tusingemwita kamwe, ndiye aliyeyaanzisha.

Hiyo ndiyo tiba ya familia. Mshauri hatafuti mkosaji. Anauliza tatizo likianza linaanzaje, nani husema nini, nani hutoka nje, nani hunyamaza. Haiondoi dawa: mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwapo, anaendelea na dawa zake. Lakini tafiti zilizoanza London miaka ya 1950 zilionyesha kuwa mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya lawama na masimango huugua tena upesi kuliko mwenzake, na kwamba familia ikifundishwa kuuelewa ugonjwa, kuugua huko tena hupungua.

Tunajua kwa nini wazazi hawaji. Hospitali ya Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, ipo hapahapa mjini, na watu husafiri kutoka mikoa ya mbali kuifuata. Sisi majirani zake ndio tunaoikwepa, maana mtoto akionekana getini leo, kesho darasani ameshapewa jina. Wengine huanza kwa mganga wa kienyeji au kwenye maombi, nasi hatuwabezi. Tunachoomba ni kwamba viongozi wa dini waliopo hapa nao wawaelekeze kliniki. Akina baba ndio wagumu zaidi. Ukimwambia baba "mwanao anaumwa," anatoa nauli. Ukimwambia "tunakuhitaji na wewe," anakumbuka ana safari.

Kuna familia ambazo hatutazipeleka pamoja. Palipo na kipigo au ukatili wa kingono, kumkalisha mtoto mbele ya anayemuumiza ni kumfunga mdomo. Hao kwanza ni wa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Mheshimiwa, tunaomba kliniki ya familia ifanyike Jumamosi, kwa sababu mama muuza mboga hawezi kuiacha meza yake Jumatano asubuhi mara nne mfululizo. Tunaomba barua ya rufaa iwe na nafasi ya kuandika wote wanaoishi na mtoto, na kliniki iturudishie majibu, hata mstari mmoja, kwa ridhaa ya familia. Kwa sasa tunatuma watoto na hatusikii kitu. Tunaomba pia chumba. Katika shule zetu kadhaa ofisi ya unasihi ni stoo ya vitabu, na mzazi hawezi kueleza ya nyumbani kwake huku viranja wanaingia kuchukua chaki.

Wanafunzi wana igizo fupi kuhusu baba mwenye safari. Tunakuomba ulitazame kabla ya kutujibu.

Tunaomba kuwasilisha.