Kuhusu ule ukungu wa kijani bandani kwako

Usa River,
9 Juni 2024

Mpendwa Mama Neema,

Habari za siku nyingi? Sisi huku hatujambo, ila baridi imeshaanza kutubana.

Picha za mifuko yako ya uyoga nimezitazama mpaka usingizi ukaniruka. Nayajua maumivu ya mtu aliyeshinda na moto kutwa nzima, akapanda mbegu za kununua, halafu wiki ya pili anakuta kijani. Mwaka jana nilitupa mifuko 38 kati ya 60. Nilipokuwa naifukia niliona kama nafukia ada ya Baraka.

Huo ni ukungu wa Trichoderma. Mwanzoni huwa mweupe kama utando wa uyoga wenyewe, kwa hiyo unafurahi kwamba mbegu zimeshika. Ukishageuka kijani, ujue umeshazaa vumbi la mbegu zake. Nakuomba sana, usiifungue mifuko hiyo bandani. Itoe ikiwa imefungwa, uifukie mbali.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike badala ya kupiga simu. Nilidhani dawa ni kuyachemsha zaidi mabua tunayopandia uyoga. Nikaongeza kuni, pipa likatokota tangu asubuhi hadi magharibi, na ukungu ukazidi. Kumbe mabua makavu yana walinzi wake, bakteria wa jamii ya Bacillus, ambao joto likiwazidi hujifungia ndani ya ganda gumu. Mjerumani Ferdinand Cohn aliliona hilo tangu miaka ya 1870: maji ya nyasi kavu aliyoyachemsha yaliota bakteria tena. Maji ya nyuzi 60 hadi 80 kwa saa moja au mbili huua ukungu mwingi na kuwaacha hao hai. Mabua yakipoa wanaamka, wanashika nafasi, na wanatoa kemikali zinazotoboa ngozi ya ukungu, wakati uyoga wetu wa mamama unaweza kuishi nao. Ukipika kupita kiasi, hata wengi wao hufa, unabakiwa na chakula kisicho na mwenyewe, na chembe moja ya ukungu ikidondoka kutoka kwenye kiganja chako, chote ni chake.

Siku hizi naweka kipimajoto kwenye pipa. Maji yanafuka, vipovu vidogo vinang'ang'ania ukingoni, lakini hayatokoti.

Tena naongeza bakteria wa kununua. Ufaransa, wakulima wa uyoga wa kifungo, ule wenye kofia ya mviringo, hutumia Bacillus aina ya QST 713, aliyepatikana kwanza kwenye udongo wa shamba la mipichi huko California. Mimi nilipata unga wa Bacillus subtilis duka la pembejeo, wanauuzia wakulima wa nyanya. Nauvuruga kwenye maji ya mvua kwa kipimo cha kwenye pakiti, nanyunyizia mabua yaliyokwisha kupoa, kisha nakamua konzi moja: yakitoka matone mawili matatu, napanda.

Nilijaribu mifuko 10 yenye bakteria na 10 isiyo nao, chaga moja. Kijani kilitokea pande zote mbili, sikufichi. Ila penye bakteria kilibaki doa la ukubwa wa sarafu, utando mweupe ukalizingira. Kwingine kilimeza mfuko mzima. Utando wenyewe ulichelewa siku mbili hivi, kwa hiyo usizidishe kipimo, na anza na mifuko michache. Wala usimwagie mfuko ulioshaoza ukitegemea utapona. Bakteria lazima wafike kabla ya adui.

Na tafadhali soma jina kwenye kopo! Madukani huko huko kuna dawa ya nyanya iliyoandikwa Trichoderma. Kwa nyanya ni rafiki mkubwa, anapambana na mnyauko. Kwako utakuwa umemnunua mwizi na kumfungulia mlango. Nusura muuzaji anipe hilo, kwa nia njema kabisa.

Usafi wa banda unaujua kuliko mimi, sitakufundisha. Punguza tu unyevu, maana yale madoa ya kahawia yenye utelezi kwenye kofia za uyoga nayo huletwa na bakteria, wa aina nyingine.

Nimekutumia kwa basi nusu pakiti ya unga na kipimajoto changu cha zamani. Kioo kina ufa, lakini kinasoma vizuri. Vitafika Jumamosi, mtume Neema stendi. Usipande kabla havijafika.

Wako,
Mama Baraka